Jicho Limepokonya Ulimi Kazi Yake

Wako wenzetu, na baadhi yao ni wanachama wa chama chetu hiki, wanaoshikilia kwamba mitandao ya kijamii imekuwa mwalimu mkuu wa ulaji bora katika nchi zetu. Husema kwamba kijana wa leo, akifungua simu yake, huelezwa madhara ya nyama nyingi, faida ya mboga, thamani ya nafaka isiyokobolewa na ubaya wa kutupa chakula. Na kwamba mambo hayo, ambayo wizara zetu zilihangaika kuyafikisha kwa mabango na kwa redio, sasa yanamfikia kila mtu kitandani mwake. Wako na wengine wenye msimamo ulio kinyume kabisa, wasemao kwamba simu ni sumu, ipigwe marufuku, na habari za chakula waachiwe walimu wa sayansi ya kimu. Sisi hatukubaliani na kundi lolote kati ya haya mawili, na tutazitoa sababu zetu bila ya kuoneana haya, maana jambo lenyewe si la porojo. Ni jambo la kitakacholiwa na watoto wa nchi hizi zinazolizunguka ziwa letu, na la nani atakayelipwa kwa kukizalisha.

Tuanze na hao wa kwanza, kwa kuwa ndio wengi na ndio wenye sauti kubwa.

Kwamba mitandao ina nguvu ya kubadili vinywa vya watu, hilo hatulipingi. Mwezi wa Agosti 2024, katika Iceland, kisiwa cha baridi kilicho mbali kaskazini, matango yaliadimika madukani baada ya video za saladi ya matango kuenea katika TikTok. Wakulima wa huko walikiri kwamba mahitaji yameyapita mavuno, ingawa majira ya kubadili mimea mashambani nayo yalichangia. Hebu fikirini, ndugu wasomaji: tango! Si dhahabu, si mafuta ya petroli. Watu walitazama kioo cha simu, na rafu za maduka zikawa tupu.

Lakini kuwa na nguvu si kuwa na mwelekeo. Mnamo Januari 2019 wataalamu 37 kutoka nchi 16 walitoa ripoti iitwayo EAT-Lancet, iliyochunguza jinsi ya kuwalisha watu wapatao bilioni 10 ifikapo mwaka 2050 bila ya kuiangamiza dunia. Walishauri kwamba ulaji wa nyama nyekundu na sukari upunguzwe duniani kwa zaidi ya nusu, na ule wa matunda, mboga, karanga na jamii ya kunde uongezwe mara mbili. Ushauri huo ulifikaje kwa umma? Kabla hata wino haujakauka, ulikuwa umekwisha kuzuka katika mtandao wa Twitter mwito wa kuitetea nyama, na mwaka huohuo jarida la The Lancet lilichapisha uchunguzi ulioonyesha jinsi mwito huo ulivyoenea upesi na kuipa kisogo ripoti yenyewe. Kazi ya miaka kadhaa ilipigwa kumbo kwa siku chache na watu ambao wengi wao, tunathubutu kusema, hawakufungua hata ukurasa wake wa kwanza.

Tena kuna jambo lililo baya zaidi ya hilo. Ripoti ile yenyewe ilieleza kwamba watu wa Marekani ya Kaskazini hula nyama nyekundu kiasi cha zaidi ya mara sita ya kile kinachofaa, ambapo watu wa Asia ya Kusini hawafikii ila nusu yake. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari. Katika simu tofauti hiyo hufutika. Onyo lililokusudiwa kwa mlaji wa Texas linamfikia kijana wa Kamuli au wa Busia likiwa zima kama lilivyotoka, naye huambiwa apunguze nyama ambayo hukutana nayo siku ya Krismasi na siku ya msiba. Huku ni kumvisha mtu koti la barafu juani na kulisifu kwa ubora wa kitambaa chake.

Sasa tuitazame kazi yenyewe ya mitandao. Simu haina pua wala ulimi, na tumbo halina nafasi humo. Ina jicho tu. Mtambo unaoamua nini kitangulie kuonekana huhesabu ni muda gani jicho limetua na mara ngapi kidole kimegusa. Basi chakula kinachopanda juu ni kile kinachong'aa: jibini inayovutika kama mpira, kuku wa kukaanga mwenye rangi ya dhahabu, keki ya rangi nne. Na chakula kinachojiita rafiki wa mazingira nacho hakina budi kujipamba kwa mtindo huohuo, yaani bakuli jeupe, tunda lililokatwa vipande, mbegu zilizonyunyizwa juu, dirisha lenye jua nyuma yake. Anayetoka katika chuo hiki huwa amejifunza jinsi chakula chema kinavyotakiwa kuonekana. Hayo ni maarifa ya mpiga picha. Mlaji na mkulima hayawafai kitu.

Tuchukue mfano mmoja, na tukae nao, maana ndani yake mna mambo yote. Katika Ziwa Victoria yumo samaki mdogo, mwembamba, mwenye rangi ya fedha, ambaye Uganda tunamwita mukene, Kenya wanamwita omena, na Tanzania wanamwita dagaa. Samaki huyu huzaana upesi kuliko wenziwe wakubwa. Huanikwa juani akakauka, asihitaji barafu wala kuni nyingi. Huliwa mzima pamoja na kichwa na mifupa yake, na kwa hiyo humpa mlaji madini ya chokaa na ya chuma ambayo hayapatikani kwa wingi huo katika mnofu mtupu. Bei yake huweza kufikiwa na mtu wa kibarua. Ikiwa neno hilo la ulaji endelevu lina maana yoyote katika nchi hizi, basi maana yake ni mukene. Hakuna mtaalamu wa Ulaya atakayetuletea kitu kinachotimiza masharti kuliko yeye.

Je, yuko wapi katika simu za vijana wetu? Hayupo, au yupo kwa ajili ya mzaha. Ni chakula cha maskini, ni chakula cha kuku, harufu yake inaaibisha mgeni. Hatusemi kwamba dharau hii ilizaliwa na simu. Ilikuwapo kabla yake, na tukiwa wakweli ilikuwa na sababu moja ya haki, nayo ni mchanga. Mukene aliyeanikwa chini ufukweni huja na mchanga, na asiyependa kutafuna mchanga halaumiwi. Dawa yake inajulikana: vichanja vya kuanikia vilivyoinuliwa juu ya ardhi. Lakini nani atatengeneza video ya kichanja? Simu iliichukua dharau ile ya zamani ikaikuza, na ile dawa ikaiacha ufukweni.

Na hapa kuna kinaya ambacho wale wanaoisifu mitandao hawajakijibu. Sehemu kubwa sana ya samaki huyu husagwa ikawa chakula cha kuku na cha mifugo mingine. Huyo kuku ndiye yule wa dhahabu tunayemwona akipigwa picha pamoja na viazi vya kukaanga. Kijana anayemkataa mukene mezani humla mukene huyohuyo baada ya kupita tumboni mwa kuku, na katika safari hiyo sehemu kubwa ya lishe imepotea njiani, na bei imepanda mara kadhaa. Akiisha kula, huandika chini ya picha yake kwamba anajali afya. (Sangara naye ana kisa chake. Mnofu wake husafirishwa ng'ambo ukiwa mweupe na safi, na mwananchi huachiwa kichwa na uti wa mgongo. Watu wa Mwanza wakayapa mabaki hayo jina la mapanki, na watu wa Kisumu wakayaita mgongo wazi. Lugha ya wavuvi haioni haya kusema kweli.)

Yaliyomsibu mukene yameusibu pia wimbi, ambao Watanzania huuita ulezi. Nafaka hii ni ya nyumbani katika nyanda za juu za Uganda na Ethiopia tangu kale. Punje zake ni ndogo mno hata wadudu wa ghalani huziacha, na huweza kuhifadhiwa miaka mingi ikisubiri mwaka wa njaa. Ugali wake, ambao Teso wanauita atap na Acholi wanauita kwon kal, ni wa rangi ya udongo. Ugali mweupe wa mahindi ndio ulioshika mabweni ya shule zetu, na jina lake la Uganda, posho, ni neno letu la Kiswahili lenye maana ya mgawo wa chakula wanaopewa wapagazi, askari na vibarua. Walimu wenzetu huwasahihisha wanafunzi wasemapo posho badala ya ugali. Sisi twasema waachwe waseme, ila waelezwe: jina hilo ni ushahidi wa jinsi chakula hicho kilivyoingia, yaani kwa kipimo cha mwajiri. Mahindi yalishinda kwa wepesi wa kuyasaga na kuyagawa. Wimbi ulirudi nyuma, ukabaki katika uji wa watoto na katika vyungu vya pombe.

Halafu Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la India, ukautangaza mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya wimbi na uwele. Ghafla picha za nafaka hizi zikajaa katika mitandao zikiwa na sifa tele, kwa Kiingereza, zikiwa katika mabakuli yale meupe. Baadhi ya vijana wetu walizistaajabia wasijue kwamba wanaangalia ghala ya bibi zao. Hatuwacheki. Aliyelijua jina moja tu la kitu hawezi kukitambua kikija kwa jina jingine.

Na mkulima je? Wanaosifu mitandao humzungumzia mlaji tu, kana kwamba chakula huota madukani. Tazameni kisa cha chia, mbegu ya kutoka Mexico. Ulimwengu wa mitandao uliipenda, bei ikapanda, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 wakulima wengi wa Uganda, hasa wa kaskazini, waliipanda kwa tamaa iliyo halali kabisa ya kupata fedha. Kisha soko likajaa na bei ikaporomoka. Mtu aliyepanda wimbi asipopata mnunuzi, hula; mtu aliyebaki na magunia ya chia, katika kijiji ambacho hakuna aijuaye mapishi yake, amebaki na magunia. Wabolivia na Waperu walikwisha kupita njia hiyo kwa kwinoa, ambayo bei yake ilipanda takriban mara tatu kati ya mwaka 2006 na 2013, kisha ikaanguka kuanzia mwaka 2014 nchi nyingine zilipoanza kuilima. Jicho la mtu wa mbali linapogeuka kutazama kingine, shamba haliwezi kugeuka kwa kasi hiyo. Gharama ya kugeuka huko huibeba aliye chini kabisa katika msururu wote, naye ndiye pekee ambaye hakupiga picha.

Mmoja wetu aliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha iitwayo “Mlo Bora”. Katika darasa la shule iliyo karibu na ziwa, wengi waliandika juu ya vyakula ambavyo hawajapata kuvila. Msichana mmoja, mwandishi mzuri kupita wenzake, aliandika kurasa mbili juu ya mkate uliopakwa parachichi, na hoja zake juu ya mazingira zilikuwa zimepangwa barabara. Mama yake huuza mukene sokoni. Karo yake hutoka humo. Katika insha nzima samaki huyo alitajwa mara moja tu, akiitwa “samaki wadogo”. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba hakulijua jina lake la Kiswahili, na kwamba hata hivyo mukene si wa kuandikwa katika insha.

Jibu hilo linatuhusu sisi walimu wa lugha kuliko linavyomhusu mwalimu wa sayansi ya kimu, na ndiyo maana hatukubali kuambiwa tuache habari za chakula. Vipo vitabu vinavyotumika katika madarasa yetu ambavyo mlango wa vyakula humwanzisha mtoto wa Uganda kwa wali wa nazi, pilau na biriani. Ni vyakula vitamu. Hatuna ugomvi na watu wa pwani, ambao lugha yao tunaila kila siku. Lakini mtoto wa Soroti hana mnazi. Anajifunza kwamba Kiswahili ni lugha ya chakula cha watu wengine, Kiingereza ni lugha ya chakula cha kwenye simu, na chakula cha kwao hakina lugha ya kuandikwa. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Urasmi huo una faida gani ikiwa hatuwezi kuitaja mboga iliyo nyuma ya nyumba?

Hata neno lenyewe, “endelevu”, limetufikia likiwa na viatu vya ofisini. Mwambieni mama wa sokoni kwamba mlo wake uwe endelevu, atawauliza: uendelee kwenda wapi? Naye ana haki. Neno hilo limeumbwa kutokana na kuendelea, na humwacha msikilizaji akitazama mbele, ilhali mkulima akitaka kusema jambo hilo hutazama ghalani: huzungumza juu ya akiba, mbegu ya kupanda isiyoliwa hata wakati wa njaa, shamba lililopumzishwa, samaki mchanga anayerudishwa majini. Hatusemi neno lifutwe katika kamusi. Twasema kwamba anayelitumia bila ya kuyataja hayo manne hajasema lolote, na kwamba wingi wa watu waliolibonyeza katika simu hauongezi uzito wake hata kwa kibaba.

Ama wale wanaotaka marufuku, nao tunawajibu kwa ufupi. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Watu wengi wakatafuta programu za kuikwepa, na mwaka 2021 kodi ile ikaondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Hakuna aliyekula vyema zaidi kwa sababu yake. China ilikwenda mbali kuliko hapo: sheria iliyopitishwa tarehe 29 Aprili 2021 dhidi ya upotevu wa chakula inawatoza wanaotengeneza na kueneza video za watu wanaokula kwa ulafi faini ya hadi yuan 100,000. Sheria hiyo inaweza kumzuia mtu asijionyeshe akila nyama ya watu kumi. Haiwezi kumfundisha mtoto kwamba mukene ni chakula cha heshima. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, na likizo ikifika mtoto hurudi kwenye simu akiwa na njaa ya miezi mitatu ya picha.

Kwa hiyo tunaitaka kamati ya chama ifanye mambo ambayo yako ndani ya uwezo wake. Kwanza, waandishi wa vitabu walio wanachama wetu waandike upya mlango wa vyakula, na samaki wa ziwa, wimbi, mtama, muhogo na mboga za kienyeji vitangulie humo kabla ya biriani. Pili, wanafunzi waingie katika mitandao hiyohiyo kwa Kiswahili, si kwa kujipiga picha na sahani, bali kwa kueleza: mukene huyu amevuliwa wapi, ameanikwa juu ya nini, kilo ni bei gani, bibi alimpika kwa karanga au kwa nyanya. Picha iwepo, maana hatuishi mwezini. Lakini iwe chini ya maelezo. Wapo watakaosema kwamba video kama hiyo haitapata watazamaji. Huenda. Kitabu cha sarufi nacho hakikupata kuwa na watazamaji wengi, na bado tunakifundisha.

Jambo la tatu linahitaji mikono ya kila mmoja wetu. Mmea ambao Waganda huuita ejjobyo, Wanyankole eshogi, na Watanzania mgagani, ni mmea mmoja. Mchicha wa Tanzania ni doodo wa Kampala na terere wa Nairobi. Tunataka orodha ya majina ya namna hiyo, iliyokusanywa na walimu wa pande zote tatu za ziwa, ichapishwe katika jarida hili kabla ya mwaka wa shule kuanza. Atakayetuma jina aandike wilaya alikolisikia, lugha ya wenyeji, majira ambayo mboga hiyo huchumwa, na kama inauzwa sokoni au inachumwa porini tu. Asiyejua jina lake la Kiswahili alituma vivyo hivyo kwa lugha ya kwao, na nafasi iliyo mbele yake iachwe wazi ili wenzetu wa ng'ambo ya pili ya ziwa waijaze.